Kitabu cha Uvunguni

Kitabu hiki nimekisoma mara mbili, na kila mara kiliisha kivyake. Mara ya kwanza ilikuwa nakala kuukuu iliyobanduka jalada, niliyoinunua kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza bidhaa yake chini, kando ya barabara, Dar es Salaam. Hadithi iliishia kwa fundi rangi mmoja, mgonjwa wa kifua, anayewatazama mkewe na mwanawe na kuwaza kuwaua, kisha ajiue mwenyewe, ili umaskini usije ukawatafuna yeye akishaondoka. Nilikiweka chini na kwa siku kadhaa sikutaka kushika kitabu kingine. Miaka mingi baadaye nikapata toleo kamili la kitabu kilekile. Nilipofika pale nilipodhani pana kituo, nikakuta hadithi inaendelea. Fundi yule hakuua mtu. Kurasa za mwisho zilikuwa za matumaini, karibu za sala, zinazoitazamia siku ambayo watu wataumiliki utajiri wa nchi kwa pamoja.

Kumbe nilikuwa nimesoma kitabu kilichokatwa. Tangu hapo nimeitafuta habari ya waliokikata na waliokiunganisha tena, na habari hiyo imenishika kuliko hadithi yenyewe.

Jina lake ni The Ragged-Trousered Philanthropists. Tungeweza kukiita Wahisani Wenye Suruali za Viraka. Wahisani hao ni vibarua. Mwandishi anawaita hivyo kwa uchungu: kila asubuhi wanaamka gizani na njaa yao, wanakwenda kumpa tajiri nguvu zao na miaka yao kwa ujira usiotosha chakula, na jioni wanamshukuru kwa kuwapa kazi. Hakuna mhisani duniani aliyewahi kutoa sadaka kubwa kuliko hiyo.

Aliyekiandika alijiita Robert Tressell. Hilo ni jina la kazi, limetokana na ile meza ya mbao inayokaa juu ya farasi wawili wa seremala, ambayo mafundi hutandazia karatasi za ukutani ili wazipake gundi. Kwa Kiingereza hao farasi huitwa trestle. Alizaliwa Dublin, Ireland, tarehe 18 Aprili 1870, mtoto wa nje ya ndoa. Baba yake, Samuel Croker, alikuwa ofisa wa polisi na mtu mwenye mali. Mama yake aliitwa Mary Noonan, na kijana alipokua aliliacha jina la baba akachukua la mama. Alipata elimu nzuri kuliko watoto wengi wa mtaa wake, na akajifunza kuchora, kuandika mabango na kupamba kuta. Kabla hajatimiza miaka 22 alikuwa ameshavuka bahari hadi Cape Town, akifanya kazi ya rangi. Alioa huko mwaka 1891, mwaka uliofuata akapata binti, Kathleen, na kabla ya muongo kwisha ndoa ikavunjika. Mtoto alibaki kwa baba. Baba na binti wakahamia Johannesburg.

Hapa lazima nisimame, kwa sababu wengi wanaompenda mtu huyu hupita hapa mbiombio.

Johannesburg ya wakati ule haikuwa na umri wa kuitwa mji. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka 1886, na katika miaka kumi tu nyika ikageuka barabara, mabenki na majumba ya ghorofa. Fundi wa Kizungu alilipwa vizuri kuliko alivyowahi kulipwa Ulaya, naye Robert Noonan alionja maisha hayo. Humo ndimo alimoingia katika siasa za wafanyakazi na kushika uongozi katika umoja wa mafundi wa ujenzi. Na humohumo, mwaka 1897, aliongoza upinzani dhidi ya kuajiriwa kwa Waafrika katika kazi za ustadi. Mtu ambaye baadaye angeandika mojawapo ya vitabu vikali kuliko vyote juu ya kunyonywa kwa mfanyakazi alisimama mlangoni akamwambia mfanyakazi mwenzake mweusi: brashi hii si yako.

Siwezi kulisoma jambo hili kama tanbihi. Babu zetu wangepita mlango gani? Mafundi weupe wa Johannesburg waliendelea kuushika mlango huo hata baada yake. Mwaka 1922 wachimbaji wa Kizungu walipogoma na kuchukua silaha, walidai umoja wa wafanyakazi wa dunia na papo hapo wakadai Afrika Kusini ya weupe. Ujamaa wa namna hiyo ulikuwa na ukuta katikati. Noonan hakuwa ameujenga peke yake, lakini alitia tofali. Sijui kama aliwahi kujutia, na hadithi yake haituvushi kurudi Johannesburg. Ninachoweza kufanya mimi msomaji ni kukishika kitabu chake nikijua mkono ulioandika ulikuwa umefanya nini, na kuyachukua maneno yake juu ya haki kwa uzito kuliko alivyoyachukua mwenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 20 alirudi, safari hii Uingereza, akatua Hastings, mji wa pwani ya kusini ambako watu wenye fedha walikwenda kupunga upepo. Alikuwa na Kathleen, na dada yake mwenyewe, Adelaide. Kazi ilikuwepo ya msimu tu. Wakati wa joto majumba ya wageni hupakwa rangi, wakati wa baridi mafundi hukaa nyumbani wakihesabu makaa. Ujira ulikuwa wa peni chache kwa saa, na asiyetaka angeoneshwa msululu wa wanaotaka. Noonan alikuwa fundi wa hali ya juu. Alipamba kuta za kanisa la Mtakatifu Andrea mjini humo kwa mkono wake, maua na mistari iliyofuatana bila kutetereka. Alikuwa pia mtu wa hasira ya haraka, na hakuvumilia kuona kazi nzuri ikiharibiwa ili faida iongezeke. Mwaka 1906 hivi akajiunga na chama cha kijamaa cha Social Democratic Federation, tawi la Hastings, akawachorea mabango yao. Kifua kilikuwa kimeshaanza kumsumbua. Usiku, baada ya kazi, akaanza kuandika.

Mji wa hadithi anauita Mugsborough, yaani mji wa mazuzu, lakini wenyeji wa Hastings waliutambua. Shujaa ni Frank Owen, fundi rangi anayekohoa damu. Kampuni ni Rushton. Nyapara ni Hunter, anayenyemelea vyumbani kwa viatu visivyolia ili amkute mtu amesimama. Siku moja anamkuta Jack Linden, mzee aliyeimaliza nguvu yake katika kazi hiyo, akivuta kiko, anamfukuza hapo hapo. Siku hiyohiyo fundi mwingine, Newman, aliyezunguka wiki nyingi bila kazi, anaichukua nafasi hiyo kwa nusu peni pungufu kwa saa. Baadaye Newman naye anafukuzwa. Kosa lake ni kuifanya kazi vizuri mno: anaziba nyufa, anapiga msasa, anapaka kama inavyotakiwa, na kampuni haikuomba hayo.

Yeyote aliyewahi kushinda jengoni akiwa kibarua ataifahamu sehemu hii kwa mwili wake. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya rangi wakati wa likizo. Mwenye tenda alilipwa kwa kupaka mara tatu, nasi tuliambiwa tupake mara moja na nusu, tena rangi ikizimuliwa mpaka inamwagika kama uji wa mgonjwa. Fundi mkuu wetu, mtu mzima mwenye vidole vilivyopinda kwa kushika brashi, alikuwa akipaka huku ameinamisha uso. Nilidhani amechoka. Tressell ndiye aliyenifunulia, miaka mingi baadaye, kwamba yule mzee alikuwa anaona haya. Sijasoma mwandishi mwingine aliyeandika hivi juu ya aibu ya fundi anayelazimishwa kulipua kazi, na hapo naona ndipo kitabu hiki kinapouzidi ujuzi wa wanasiasa. Umaskini haukuwa tumbo tu. Mtu alinyang'anywa hata fahari ya mikono yake.

Sura inayokumbukwa kuliko zote ni ile ya mkate. Ni saa ya chakula cha mchana, mafundi wamekaa juu ya ndoo na mbao katika nyumba wanayoikarabati. Owen anaomba vipande vya mkate vilivyobaki na visu vitatu vya mfukoni. Mkate, anasema, ni malighafi ya nchi. Visu ni mitambo. Sarafu tatu ndizo fedha, na kila moja tuifanye pauni. Yeye ndiye bepari, mwenye vyote, na wenzake watatu hawana kitu ila mikono. Anawaajiri. Kila mmoja anakata mkate wake kuwa vipande vitatu, hiyo ni kazi ya wiki, na analipwa pauni moja. Kisha wanakuja kununua chakula, maana lazima wale. Kipande kimoja ni pauni moja. Wanatoa fedha, wanakula, mikono yao mitupu tena. Bepari amerudishiwa fedha zake zote na mbele yake pamebaki vipande vya ziada. Mchezo unarudiwa wiki baada ya wiki, rundo linakua, mpaka anawatangazia kwamba bidhaa zimezidi, soko limejaa, hakuna kazi, nendeni. Wanabaki wakiutazama mkate waliokata wenyewe.

Msomaji wa Kiswahili, hasa wa Tanzania, hafiki mgeni hapo. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilitufundisha neno unyonyaji na kulifanya la kila mtaa, na wazazi wetu waliimba juu ya kuikata mirija ya mabepari na makabaila. Lakini sisi neno lilitushukia kutoka juu, kutoka kwa Mwalimu Nyerere, likiwa limeshapangwa vizuri katika kijitabu na redioni. Nalipenda neno ujamaa, limezaliwa na jamaa, lina harufu ya jikoni ndani yake. Hata hivyo nilipoisoma sura ya mkate nilijiuliza ni wangapi kati yetu waliowahi kulisikia likisemwa na mtu aliyekaa juu ya ndoo ya rangi, mwenye chokaa kwenye kope, akitumia mkate wake mwenyewe kuwa kitabu cha hesabu. Sauti hiyo ni nyingine. Mtu wa namna hiyo hawezi kuhamishwa wizara.

Na wenzake wanafanya nini baada ya somo? Wanacheka. Wanamtania. Mmoja anatetea utaratibu uliopo kwa maneno ya gazeti la matajiri. Owen anawachukia karibu zaidi ya anavyomchukia Rushton, na mwandishi yuko upande wake. Hapo ndipo ninapogombana na kitabu kwa mara ya pili. Tressell anawaona vibarua wenzake mazuzu, anarudia mara nyingi mno, na kuna kurasa ambazo nilitaka kumshika mkono nimwambie: ndugu, basi, wamechoka, wana watoto. Tena kalamu yake mwenyewe inamsaliti. Mtazame Joe Philpot, yule mzee mpole wa kundi, mwepesi wa kutoa senti yake ya mwisho, asiyejua nadharia yoyote. Huyo ana ujamaa kuliko wahutubu wote wa Mugsborough.

Philpot anauawa na kamba. Mafundi wanainua ngazi ndefu nzito kwa kamba iliyochakaa, kamba ambayo mmoja wao alikwishaitilia shaka, lakini kampuni haikuona sababu ya kununua nyingine. Inakatika, ngazi inamwangukia. Rushton hupaka nyumba rangi, na Rushton pia huzika watu, kwa hiyo hata kifo cha Philpot kinakuwa biashara ya kugombewa. Sijui sura ya kitabu chochote inayonikera na kuniliza kwa pamoja kama hiyo.

Noonan alimaliza kuandika mwaka 1910. Ulikuwa mzigo wa karatasi karibu 1,600, zote kwa mkono, herufi nzuri za mchora mabango. Wachapishaji watatu wakaukataa. Kwa hasira akataka kuutia motoni. Kathleen ndiye aliyeuokoa, akautia katika sanduku la bati na kuusukuma uvunguni mwa kitanda.

Kisha baba akaamua kwenda Kanada, atangulie, binti amfuate. Alifika Liverpool tu. Akalazwa hospitali, na tarehe 3 Februari 1911 akafa kwa maradhi ya kifua, ana miaka 40. Hakukuwa na fedha za kumsafirisha maiti wala za kununua kaburi. Akazikwa Walton, katika shimo la mafukara, pamoja na wengine 12. Hakuna aliyeweka alama.

Kathleen akapata kazi ya kulea watoto katika nyumba moja London. Huko akalitaja sanduku lake mbele ya mwandishi aliyekuwa akiitembelea nyumba hiyo, Jessie Pope, aliyejulikana kwa vitabu vya watoto na mashairi mepesi ya magazetini. Pope akasoma, akaona kuna kitu, akampelekea mchapishaji Grant Richards. Richards akanunua haki zote kwa pauni 25. Binti hakuwa na wa kumshauri. Kitabu ambacho kimechapishwa bila kukoma kwa zaidi ya miaka mia moja kiliuzwa kwa pauni 25, kama kazi ya fundi isiyo na risiti.

Pope akapewa mkasi. Maneno yalikuwa karibu 250,000, akayapunguza kwa takriban 100,000. Zilitoka hotuba ndefu za kijamaa, na nitakiri kwamba baadhi ya hizo zinachosha. Lakini alifanya na jambo jingine: aliichukua sehemu ya Owen anayewaza kuua na kujiua, akaipeleka mwisho. Kitabu kilichoisha kwa mapambazuko kikaisha kwa usiku. Ujumbe ukageuka: mfanyakazi anayefikiri sana ataishia wazimu. Kilitoka tarehe 23 Aprili 1914. Mwaka uleule, Richards huyohuyo alichapisha Dubliners cha James Joyce, mwana mwingine wa Dublin aliyekuwa amezungushwa na wachapishaji kwa miaka.

Miezi michache baadaye vita vikuu vikaanza. Pope akaandika mashairi ya kuwahimiza vijana waende jeshini, na mshairi askari Wilfred Owen alikuja kumlenga yeye katika rasimu ya shairi lake kali kuliko yote dhidi ya vita. Majina yanashangaza: Owen wa mahandaki na Owen wa brashi, na mwanamke mmoja mbele ya wote wawili. Simwiti Pope mbaya. Bila yeye huenda sanduku lingebaki uvunguni. Ila alidhani maneno ya mtu wa suruali ya viraka yako pale yapunguzwe, kama Hunter alivyodhani rangi iko pale izimuliwe.

Mwaka 1918 likaja toleo la bei ya chini, lililokatwa zaidi, maneno kama 90,000 tu, na hilo ndilo lililoingia mikononi mwa vibarua. Lilipita jengo hadi jengo, kutoka mfuko wa koti moja hadi mwingine, kurasa zikilainika kwa rangi na jasho. Askari walilibeba katika vita vya pili vya dunia, na wako wanasiasa wa chama cha Labour waliosema kitabu hicho kiliwasaidia kushinda uchaguzi wa mwaka 1945. Watu wakakipenda kitabu kilichokatwa mguu, kwa sababu hata kikiwa kimekatwa kilisema jambo waliloliona kila Jumatatu asubuhi.

Aliyeurudisha mguu alitoka Hastings. Fred Ball, mwandishi wa mji huohuo na mtu wa tabaka la wafanyakazi, alianza kuuliza: huyu Tressell alikuwa nani? Hapakuwa na wasifu, hapakuwa na picha ya kutosha, watu waliomkumbuka walikuwa wanazeeka. Aligonga milango yao mmoja mmoja. Mwaka 1946, yeye na marafiki zake wakaupata mswada wenyewe na kuununua, kumbe ulikuwa bado upo, umevurugwa na kubandikwa upya na mikono ya wakataji. Ball akakaa nao, akiulinganisha na kuupanga upya karatasi kwa karatasi, akirudisha kila sura mahali pake. Kazi hiyo ilikuwa ya uvumilivu, kama ya fundi anayekwangua rangi mbovu apate kuona ubao. Toleo kamili lilitoka mwaka 1955 kwa wachapishaji Lawrence & Wishart, miaka 44 baada ya mwandishi kufa. Mswada ukaishia mikononi mwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Uingereza.

Ball aliamini Kathleen amekwishakufa. Miaka ya 1960 akajitokeza, hai, mwanamke mzee. Akasimulia habari za sanduku, za baba aliyeandika usiku huku akikohoa. Kaburi nalo likapatikana, karibu miaka 60 baada ya kufukiwa, likawekewa jiwe.

Kanisa la Mtakatifu Andrea lilibomolewa mwaka 1970. Kabla nyundo hazijafika, watu walikwenda wakabandua kipande kimoja cha ukuta aliouchora, wakakichukua. Kiko katika makumbusho ya Hastings hadi leo: rangi zimepauka, lakini mistari ya brashi bado imenyooka.